Siku ya mvua Pemba: kwa gari la kulala kutoka Mkoani hadi kiwanda cha makonyo cha Wawi

Kiwanda cha makonyo, yaani cha kutoa mafuta katika vikonyo vya karafuu, kilichopo Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, watu wengi hukifikia kwa gari la kukodi, wakashuka, wakavuta harufu, wakanunua kichupa kimoja na kuondoka kabla saa moja haijapita. Maelekezo haya ni ya msafiri wa namna nyingine: yule anayevuka kutoka Unguja na gari lake mwenyewe lenye godoro na jiko ndani, ambaye ameamua kuitumia siku nzima ya mvua kupanda na kushuka vilima vya Mkoani na Chake Chake, afike kiwandani bila pupa na alale Pemba usiku ule. Nimeyaandika kwa sababu wengi huahirisha safari hii mara wanaposikia kwamba Pemba kunanyesha, ilhali mvua ile ile ndiyo iliyoufanya mkarafuu uikubali ardhi ya kisiwa hicho, na mtu aliyepita mabonde yale yakiwa yamelowa huelewa kazi ya kiwanda kuliko aliyepita jua likiwaka.

Wakati wa kwenda

Pemba ina majira mawili ya mvua, nayo si sawa kwa msafiri. Masika, ya kuanzia Machi hadi Mei, hunyesha kwa mfululizo mpaka ardhi ikashiba, mabonde ya mpunga yakajaa maji na baadhi ya njia za vijijini zikakatika. Huo si wakati wa kuingiza gari zito lenye kitanda, na mwenye kusafiri na watoto asijaribu kabisa. Vuli, ya Oktoba hadi Disemba, kwa kawaida hushuka kwa vipindi: hupiga kwa nguvu kwa muda, ikanyamaza, jua likatoka na barabara ikaanza kutoa mvuke. Msimu wa kuchuma karafuu nao huanza kiasi cha Julai, na katika miaka ya mavuno makubwa huendelea hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza bila kusita, kwani hapo mvua na karafuu hukutana: utakuta majamvi yameanikwa mbele ya nyumba, magunia yanasafirishwa kwenda vituo vya kununulia, na kiwanda kina malighafi mpya.

Uliza mapema hali ya msimu, maana mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya msimu mnono mara nyingi hufuata msimu hafifu, na katika mwaka hafifu unaweza kufika ukakuta mitambo imezimwa. Jamaa au rafiki aliyeko Chake Chake ataweza kukuulizia ofisini kwa niaba yako, na ni vyema akafanya hivyo, kwa sababu kiwanda kiko chini ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, yaani ZSTC, na mgeni anayetaka kukizungukia hupaswa kuomba ruhusa kwanza. Chagua siku kati ya Jumatatu na Alkhamisi. Ijumaa shughuli hukatizwa kwa ajili ya sala, na msafiri naye anastahiki kuwa msikitini saa hiyo.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe wote. Wengi huangalia mvua tu na kuuacha upepo, wakati upepo mkali na mawimbi ndiyo mambo yanayoweza kuizuia meli isiondoke, nawe ukabaki bandarini Malindi na gari lililokwisha pakiwa.

Gari na mzigo wake

Ninaposema gari la kulala sikusudii yale magari marefu ya watalii wa Ulaya yenye choo na bafu ndani. Njia za vijiji vya Pemba ni nyembamba, matawi ya miembe yameinama juu yake, na mahali pa kugeuzia gari refu hapapatikani kirahisi. Gari linalofaa ni la kadiri ya Noah au Hiace fupi, ambalo viti vyake vya nyuma vimeondolewa na pakawekwa ubao wenye godoro, na chini ya ubao pakabaki nafasi ya vyombo, maji na nguo. Gari la namna hii hulipiwa nauli nafuu melini kuliko basi, huingia katika uwanja wa skuli au kando ya msikiti bila kumbughudhi mtu, na likikwama wanaume wanne hulisukuma likatoka.

Mzigo mzito uwekwe chini na karibu na katikati ya gari, wala usirundikwe mkiani. Dumu mbili za maji za lita 20 zina uzito wa kilo 40. Ukiziweka nyuma kabisa, pua ya gari huwa nyepesi na usukani hupoteza nguvu wakati wa kupanda kilima kilicholowa. Juu ya paa usiweke kitu kizito hata kimoja. Mtungi wa gesi usimamishwe wima, ufungwe kwa mkanda, na vali yake ifungwe kila gari linapotembea, melini na barabarani vilevile.

Kabla ya kuondoka Unguja, mpelekee fundi gari akague mipira, breki na waipa. Mipira iwe na kina cha mtaro kisichopungua milimita 3, kwa sababu mitaro hiyo ndiyo inayosukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Mpira uliokwisha huelea juu ya maji, na dereva hujua hilo pale anapokanyaga breki na gari lisiitike. Raba za waipa zilizokauka zibadilishwe. Hakikisha pia kiyoyozi kinafanya kazi, si kwa ajili ya baridi, bali kwa kuwa watu watano ndani ya gari lililofungwa wakati wa mvua huweka ukungu kwenye kioo kwa dakika chache, na hewa kavu ya kiyoyozi ndiyo inayouondoa upesi.

Chukua kamba imara ya kuvutia gari, koleo, vibao viwili vya kuweka chini ya mipira panapokuwa na tope, turubai, tochi, mabuti ya mpira, chandarua na kisanduku cha dawa. Mkaa usiuchukue. Jiko la mkaa ndani ya gari ni kifo: moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, na mvua inapomfanya mtu afunge madirisha, gesi hiyo huwaua waliolala bila ya wao kushtuka. Nalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote, kwani baridi ya usiku wa mvua humshawishi mtu aliingize jiko ndani kwa dakika chache tu apate joto.

Kuteremka Mkoani

Meli za kubeba magari kutoka Unguja hutia nanga Mkoani, kusini-magharibi mwa kisiwa, na mji wenyewe umekaa juu ya mlima unaoanzia bandarini. Mara tu utakapotoka getini utakuwa unapanda. Usianze kupanda hapo ukiwa na usingizi wa melini. Egesha, unywe chai, ule maandazi au chapati na samaki, usubiri mwanga ukamilike, kisha ujaze mafuta hapo hapo Mkoani. Vituo vya mafuta vipo katika miji, lakini vijijini usitegemee zaidi ya petroli ya chupa. Jua pia ilipo Hospitali ya Abdalla Mzee, ambayo iko Mkoani, na hospitali ya Chake Chake mbele ya safari yako. Mwenye kusafiri na mtoto au mzee huwa na utulivu zaidi akizijua.

Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni mwendo wa kiasi cha kilomita 30. Katika siku kavu dereva mwenyeji huumaliza kwa chini ya saa moja. Wewe jipe saa mbili, uondoke saa 1 asubuhi au baada yake kidogo, ufike Chake Chake saa 3, wakati mafundi wa kiwandani wamekwisha kuingia kazini.

Barabara ya vilima

Pemba haina mlima wa kutisha kwa urefu. Tabu yake iko katika wingi wa miteremko: kilima hakijaisha, bonde limeanza, na chini ya karibu kila bonde kuna mto mdogo au shamba la mpunga. Upande wa magharibi na katikati ya kisiwa ndiko kwenye udongo mwekundu wenye kina, unaohifadhi unyevu bila kutuama maji, na huko ndiko mikarafuu ilikostawi. Upande wa mashariki ni uwanda wa maweni ambako mkarafuu hauna pa kuzamisha mizizi. Barabara yako ya asubuhi itapita katika ule ukanda wa kijani, na kila utakapoona miti mirefu iliyochongoka yenye majani ya kung'aa na machipukizi mekundu, ujue uko katika mashamba ya karafuu.

Udongo huo mwekundu ndio adui wa dereva. Mvua huuteremsha kutoka njia za pembeni hadi juu ya lami, ukatandazika kama samli kwenye chapati, na gari linalopita kwa kasi huteleza hata pale ambapo hapana kona. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyokusanyika barabarani bado havijaoshwa. Mvua inapoanza, kwa hiyo, punguza mwendo mara moja, washa taa za mbele hata kama ni mchana, na uache nafasi kubwa baina yako na gari lililo mbele, angalau mara mbili ya ile uliyozoea. Gari la abiria la chai maharage husimama ghafla pale abiria anapogonga bodi, na dereva wake anaijua barabara kuliko wewe.

Kushuka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Kabla ya kuanza kuteremka, wakati gari bado liko juu ya kilima, ingiza gia ndogo, ya pili au hata ya kwanza ikiwa mteremko ni mkali, ili injini yenyewe izuie mwendo. Magari ya otomatiki nayo yana nafasi ya 2 na ya L katika mkono wa gia, ambazo madereva wengi hawajawahi kuzigusa. Huku ndiko kwenye kazi yake. Breki ikanyagwe kwa vipindi vifupi na kwa upole. Ukiikanyaga mfululizo kilima baada ya kilima hupata moto na kulegea, nawe huna habari mpaka ufike chini. Kamwe usiteremke gia ikiwa huru kwa kutaka kuokoa mafuta. Wakati wa kupanda, ingiza gia ndogo mapema, uende mwendo mmoja bila kubadilisha gia katikati, na ikiwa mipira inazunguka bila kusogea, ondoa mguu. Kuongeza moto huchimba shimo tu.

Chini ya bonde, ukikuta maji yanapita juu ya barabara, simama. Shuka utazame. Maji yaliyotulia ambayo hayafikii nusu ya mpira huvukwa polepole kwa gia ya kwanza, bila kusimama katikati. Maji yanayokwenda kwa nguvu hayavukwi hata yakiwa ya magotini, kwa sababu huusukuma ubavu mpana wa gari la kulala na kulitoa barabarani. Mvua ya vuli ikikatika, maji ya bonde dogo hupungua kwa muda mfupi, na hakuna hasara katika kuchemsha chai huku ukisubiri. Baada ya kuvuka, kanyaga breki kidogo mara kadhaa ukiwa bado katika mwendo mdogo ili zikauke.

Karibu na Ng'ombeni na Mtambile, na katika vijiji vyote vya njiani, asubuhi hukuta watoto wa skuli wakitembea pembezoni wakiwa wamejikinga kwa majani ya mgomba au mifuko, na sauti ya mvua huwazuia kusikia gari. Nenda mwendo wa mtu anayepanda baiskeli. Utakutana vilevile na gari za ng'ombe, ambazo hazina taa.

Jambo jingine ni la msimu huu pekee. Pale jua linapochomoza baina ya mvua mbili, wakulima hukimbilia kuanika karafuu zao, na baadhi ya majamvi hufika hadi ukingoni mwa barabara. Karafuu inahitaji jua la siku kadhaa ili ikauke ikawa na rangi ya hudhurungi. Ikilowa na kufunikwa kwa muda hupauka na kunyauka, ikaitwa mpeta, na thamani yake huanguka. Kwa hiyo usipitishe mpira juu ya jamvi, usirushe maji ya dimbwi, na mvua ikianza ghafla ukawaona wenye nyumba wanakimbilia kukunja majamvi, egesha pahali salama ushuke uwasaidie. Ni msaada wa dakika tano unaookoa kazi ya siku nyingi ya familia nzima, na sijui njia nzuri zaidi ya mgeni kujuana na Wapemba.

Nyumba hizo hizo ndizo zinapoanzia habari ya makonyo. Karafuu huchumwa ikiwa katika vishada, na jioni watu wa nyumbani hukaa chini kuzichambua, yaani kutenga tumba na kikonyo chake. Tumba ndiyo karafuu yenyewe, inayouzwa nje ya nchi ikiwa nzima. Vikonyo huanikwa peke yake, hutiwa katika magunia, na ndivyo vinavyoitwa makonyo. Ukiomba kwa adabu kukaa barazani na kuchambua pamoja nao kwa muda, huenda usikataliwe, na ukifika Wawi utakuwa tayari umeishika malighafi ya kiwanda kwa vidole vyako.

Kiwandani Wawi

Ukiingia Chake Chake, pitia kwanza ofisini kama ulivyoelekezwa na aliyekuombea ruhusa, ulipe ada ndogo inayotakiwa, kisha ufuate barabara ya upande wa mashariki hadi Wawi. Harufu itakutangulia. Vaa viatu vilivyofunika miguu, kwa kuwa sakafu huwa na maji ya moto na mabomba ya mvuke. Wanawake wafunge vizuri mitandio na ncha za kanga zisining'inie karibu na mashine. Watoto wadogo washikwe mkono wakati wote. Picha zipigwe baada ya kuuliza. Salimu kwanza, jitambulishe, na umwite anayekuongoza fundi, kwani ndivyo alivyo.

Kazi inayofanyika humo ni ya kukeneka. Makonyo makavu hujazwa katika tangi kubwa la chuma, mfuniko ukafungwa barabara, na mvuke kutoka katika boila ukapitishwa kuanzia chini. Mvuke huo hupenya katikati ya makonyo, huvipasua vifuko vidogo vya mafuta vilivyomo ndani yake na kuyabeba mafuta kwenda juu. Mchanganyiko wa mvuke na mafuta hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, hugeuka kuwa kimiminika, kisha hudondokea katika chombo cha kutenganishia.

Simama kwa muda mrefu mbele ya chombo hiki, maana ndicho kinachofundisha. Mafuta mengi ya mimea, kama yale ya mchaichai, huelea juu ya maji na huchotwa juu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, lita moja ikiwa na uzito wa kilo moja na zaidi kidogo, kwa hiyo huzama, na fundi huyafungulia kwa chini. Maji yanayobaki juu huwa meupe kama yaliyotiwa maziwa kwa sababu bado yana chembe za mafuta. Kama siku hiyo wanakeneka mchaichai au mkaratusi, ambayo nayo husarifiwa hapo, mwombe fundi akuonyeshe tofauti.

Muulize vilevile juu ya kiasi. Tumba la karafuu lina mafuta ya kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo asilimia 5 au 6, na majani asilimia 2 au 3. Maana yake ni kwamba gunia la kilo 50 la makonyo hutoa mafuta yasiyozidi kilo 3 hivi, baada ya saa nyingi za moto. Huenda mtu akashangaa kwa nini hawakeneki tumba lenye mafuta tele. Jawabu ni kwamba tumba zima lina bei yake nzuri katika soko la dunia, ilhali makonyo yangelikuwa takataka. Kiwanda hiki kinamlipa mkulima kwa kile ambacho angekitupa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukitembelea na kukinunulia bidhaa zake. Ikumbukwe kwamba mkarafuu si mti wa asili ya kwetu. Ulitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili hadi leo.

Kununua mafuta na kuyatunza

Nunua kwenye duka la kiwanda lenyewe au la ZSTC, na uchague chupa ya kioo chenye rangi ya giza. Mafuta ya karafuu huharibu aina nyingi za plastiki, na mwanga huyabadilisha rangi. Ukinunua mtaani, tia tone moja ndani ya glasi ya maji: mafuta halisi huteremka chini, na yaliyochanganywa na mafuta ya nazi au ya kupikia hubaki yakielea. Kipimo hiki hakigundui kila udanganyifu, lakini kinaugundua ule ulio mwepesi kufanywa.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo yujenoli (eugenol), ambayo hutia ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno huitumia, na bibi zetu walikuwa wakitafuna karafuu kwa ajili ya jino linalouma tangu hapo zamani. Lakini mafuta yaliyokenekwa yana nguvu mara nyingi kuliko karafuu ya kutafuna. Yasipakwe ngozini bila kuchanganywa na mafuta laini kama ya nazi, yasiingie machoni, na yasinywewe. Mtoto mchanga akimeza hata kiasi kidogo anaweza kuumia ini. Ndani ya gari la kulala, ambamo kila kitu kiko karibu na mkono wa mtoto, chupa ifungwe ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula na maziwa, kwani harufu yake hupenya.

Karafuu zenyewe usizibebe kwa wingi. Biashara yake inasimamiwa kisheria, na kusafirisha karafuu bila kibali ni magendo, hata kama gunia ulipewa kwa moyo mweupe na mwenyeji uliyemsaidia kukunja jamvi. Kifurushi kidogo cha dukani chenye risiti kinatosha kwa pilau, nayo risiti ihifadhiwe mpaka uvuke.

Pa kulala

Pemba haina viwanja vya kuegesha magari ya kulala, na kusimamisha gari popote palipo wazi ukalala si adabu wala si salama. Utaratibu wetu ni wa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo. Kabla ya Magharibi, ukiwa umeshachagua kijiji, uliza nyumbani kwa sheha, piga hodi, na baada ya salamu useme haja yako wazi: “Bwana Sheha, sisi ni wageni kutoka Unguja, tumekuja kutazama kiwanda cha makonyo. Tunaomba ruhusa ya kuegesha gari letu hapa tulale hadi alfajiri.” Mwonyeshe kitambulisho bila kungoja aombe. Aghalabu atakuelekeza karibu na msikiti, skuli au nyumba ya mtu mzima anayemjua, na pengine utaletewa chakula. Kipokee, na nawe uwe na kitu cha kutoa: sukari, tende, au halua ya Wete ukiwa umeipitia.

Hata pale ulipoelekezwa, jitazamie mwenyewe ardhi. Usiegeshe chini ya bonde, wala kando ya mto, wala chini ya mnazi au mkarafuu mkubwa, kwa sababu mkarafuu ni mti wenye matawi yanayovunjika kirahisi na upepo wa mvua huyaangusha. Tafuta ardhi ya changarawe au yenye nyasi, iliyoinama kidogo tu, na ukielekeze kichwa cha gari upande wa kutokea barabarani ili asubuhi usilazimike kurudi nyuma kwenye tope. Weka mawe nyuma ya mipira. Upikaji ufanyike nje chini ya turubai, vali ya gesi ifungwe kabla ya kulala, na madirisha mawili yaachwe wazi kwa upana wa vidole viwili, yakiwa yamezibwa kwa chandarua. Choo muombe mwenyeji. Maji machafu usiyamwage karibu na kisima.

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, chungulia chini yake. Ng'oa tope lililoganda kwenye mabomba ya breki na ndani ya mipira, kwani huharibu uwiano wa magurudumu na huficha mafuta yanayovuja. Muage sheha na mwenye nyumba, kisha rudi Mkoani kwa barabara ile ile na kwa gia zile zile, ukiwa na nafasi ya angalau saa mbili kabla ya muda wa kupakia magari melini.